Wanaotaka kuhamia kwenye kirikuu wapime uzito kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na hawa vijana (na wastaafu wapo pia) wanaotaka kuacha kupanga nyumba waishi ndani ya gari wazunguke nchi. Mi ni seremala hapa Morogoro, wanakuja na picha kwenye simu za magari makubwa ya Ulaya, mbao kuanzia chini mpaka juu, makabati, sinki, wanataka vile vile kwenye kirikuu. Wazo zuri tu na pesa yao naipenda, ila hakuna anayeuliza habari ya uzito.

Kirikuu ni kigari kidogo cha mizigo cha Japani chenye injini ya cc 660, urefu wake wote haivuki mita 3.4, na kwao imeruhusiwa kubeba kilo 350 watu wawili wakiwa wamekaa mbele, basi. Najua huku tunaipakia viazi mpaka nyuma inainama, lakini viazi vinashushwa sokoni siku hiyo hiyo, kitanda ulichokipigilia hakishuki, kinalalia zile springi usiku na mchana mpaka siku utakapouza gari.

Sasa piga hesabu. Plaiwudi moja ya milimita 18, ile ya futi 8 kwa 4, inafika kilo 30 hivi, na kitanda na makabati vinakula tatu bila shida, weka fremu, weka madumu mawili ya maji ambayo ni kilo 40, betri ya sola, mtungi wa gesi wa kilo 6 (hiyo 6 ni gesi peke yake, chuma hakijahesabiwa), godoro, tairi ya spea, alafu keria na mizigo yake juu. Nguo bado. Na hiyo gari ndo unataka uipandishe mlima Kitonga, na afadhali hata kupanda, wakati wa kushuka breki ni zile zile za kilo 350.

Na usitegemee mtu akuzuie, mizani ya barabarani inapima magari ya kuanzia tani 3.5, we utapita pembeni unapunga mkono.

Mi nikiambiwa nifanye natumia plaiwudi ya milimita 9 na chini yake naweka papi (vipande vyembamba vya mbao) za karibu karibu, mtu analala vizuri kabisa, mbao nzito za mninga abaki nazo sebuleni kwa baba yake. Makabati ya nini, chukua kreti za plastiki. Maji dumu moja, unajaza njiani. Madirishani nyavu za mbu, vioo viachwe wazi kidogo.

Kuna mmoja kaniambia usiku wa baridi kule Makete ataingiza jiko la mkaa. Jamani hapana, ile hewa ya mkaa haina harufu, mtu analala na haamki. Beba mablanketi.

Kulala ongea na mlinzi wa sheli mapema kabla giza halijaingia, na usipange kupaki Mikumi kisa barabara inapita katikati, ile ni hifadhi.

Kabla hujarudisha funguo za mwenye nyumba, pakia kila kitu ulale humo wiki nzima hapo hapo uani, ikiwezekana masika, mvua ikuonyeshe mlango gani unavuja wakati fundi bado yuko jirani.

Seremala, Morogoro