Sarafu moja, majibu matatu

Mhariri, salamu aleikum.

Makala yenu ya juzi ya kuwashauri watu waweke akiba kwenye sarafu za dhahabu zilizogrediwa, yaani zilizokaguliwa na kampuni zikapewa namba ya ubora kati ya 1 na 70 na kufungiwa kwenye plastiki, nimeisoma mara mbili, na pale mlipoandika kuwa ile namba ya kwenye plastiki ni dhamana ya mnunuzi nimeshindwa kunyamaza. Mimi nina sarafu moja tu, imeenda kugrediwa mara tatu, na mara zote tatu imerudi na jibu lingine.

Ni ile ya Tabora ya 1916, rupia 15, yenye ndovu. Wajerumani walipofungiwa bahari na Waingereza wakati wa vita vya kwanza pesa zikawa hazifiki, wakaanza kujipigia zao hukohuko Tabora kwenye karakana ya reli, na kwa sababu hapakuwa kiwanda cha sarafu ukiishika tu utaona haikupigwa sawasawa, ubavu wa ndovu umelala kidogo na ule mlima wa nyuma yake pengine unaonekana pengine hauonekani. Nyanyangu aliifunga kwenye kipande cha bafta akaiweka ndani ya kasha lake hapa Mji wa Kale tangu mimi mdogo, kuigusa marufuku, tunaonyeshwa siku ya Idi kisha inarudi kwenye bafta yake.

Mwaka juzi mambo ya karo yalitubana, binamu yangu aliyeko Uingereza akasema tuigredishe kwanza ndio tuuze, nikampa. Kampuni ikasema 58, yaani imetumika kidogo. Binamu akakataa, akavunja plastiki akairudisha kampuni ileile, baada ya miezi minne ikaja 62, yaani haijatumika kabisa! Akapatikana mnunuzi Mjerumani, ila plastiki ilikuwa na ufa akaomba ifungwe upya kabla hajalipa, tukaituma tena, safari hii wakasema imesafishwa na namba hawatoi. Mnunuzi akajitoa. Sasa imesafishwa na nani, Mhariri? Kila safari tumelipia gredi, tumelipia bima, tumelipia posta, na hakuna hata mara moja walioandika mstari mmoja wa kutueleza wameona nini.

Hio hesabu ya 1 mpaka 70 ilitungwa na Mmarekani anaitwa William Sheldon, 1949, kwa ajili ya senti za shaba za zamani za kwao, na wazo lake lilikuwa la bei, kwamba sarafu ya 70 iwe na thamani mara 70 ya ile ya 1. Ni miaka ya 80 ndio makampuni yakaanza kuzifungia sarafu kwenye plastiki na namba juu. Anayegredi ni binadamu, anaigeuzageuza chini ya taa, anaangalia mng'ao, mikwaruzo, na kama ilipigwa vizuri, halafu anatoa maoni yake. Dhahabu nayo ni laini, sarafu zikigongana tu ndani ya mfuko zinaachiana alama bila hata kuingia sokoni. Na kwa hizi za Tabora kazi ni ngumu zaidi, manake ule ubavu wa ndovu uliolala mmoja ataona umelika kwa mikono ya watu, mwingine ataona ndivyo ulivyotoka karakana, na hapo kati ya 58 na 62 bei inaruka vibaya sana. Hata Wamarekani wenyewe wanalijua hili, ndio maana tangu 2007 kuna kampuni inaitwa CAC, inakagua sarafu ambazo zishagrediwa na wengine na kubandika stika ya kijani kwa zile inazoona zimestahili namba yao.

Sisemi kugredi hakuna faida, pauni za dhahabu za bandia ni nyingi na hawa watu wanazikamata, hilo nawashukuru. Lakini nilipoipeleka kwa sonara wetu aliiweka kwenye mizani mbele yangu, gramu 7 na kidogo, akaisugua pembeni kwenye jiwe lake akatia dawa, akaniambia dhahabu yake ni robo tatu, kisha akanionyesha ile alama kwenye jiwe niione mwenyewe. Nikienda kesho mizani itasema vilevile. Kampuni inayochukua pesa za watu nayo iandike: tumetoa namba hii kwa sababu ya hili na hili, kwenye shavu la ndovu, kwenye bawa la tai. Nikijua sababu naweza kukubali au kubisha.

Naomba mrudie ile makala, muwaambie wasomaji kuwa namba ni maoni, na kabla mtu hajaongeza maelfu juu ya bei ya dhahabu yenyewe aitazame sarafu kwa macho yake. Kuna akina mama hapa wanataka kuuza bangili zao wanunue hivyo vijiplastiki na wameonyeshana gazeti lenu.

Yangu nimeirudisha kwenye bafta.

Msomaji wenu,
Kibokoni, Mombasa