Kabla ya kuongeza hita, tafuteni upepo unapoingilia

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niseme kuhusu hita za umeme, maana baridi ikianza tu kila mwenye jengo la zamani anakimbilia kununua hita kubwa, mwezi ukiisha bili imepaa na watu bado wamekaa na makoti. Mimi ni mmoja wa wanaosimamia ukumbi wa mikutano, jengo la zamani la tofali, na haya yametukuta sisi wenyewe.

Ukumbi una urefu wa mita 12, upana 8, kimo mita 4. Boksi la hita liliandikwa kwamba wati 2,000 zinatosha mita za mraba 25, tukapiga hesabu ya harakaharaka, 96 gawanya kwa 25, tukanunua hita nne. Siku ya mkutano nje kulikuwa na digrii 6, hita zimewashwa tangu usiku, asubuhi kabla watu hawajaingia naangalia themomita inasoma 14 na haisogei. Sisi tulitaka 18. Basi mwenzetu mmoja kwa nia njema kabisa akaleta hita mbili kutoka kwake akazichomeka zote kwenye ekstensheni moja, haikupita nusu saa tukaanza kusikia harufu ya plastiki, kuja kuchomoa plagi imeshakuwa ya kahawia na pini zinaunguza vidole. Hita ya wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 inavuta karibu ampea 9, mbili ni zaidi ya 17, na ekstensheni yenyewe ni ya ampea 13. Tulinusurika tu.

Ndipo nikakaa chini na karatasi, na kumbe hesabu yenyewe haitishi. Kosa la boksi ni kwamba linahesabu sakafu peke yake, halijui dari iko juu kiasi gani wala mlango una mwanya gani chini. Joto linatoka kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupenya kwenye kuta, vioo, dari na sakafu, na kila kimoja kina kiwango chake, yaani wati zinazopita kwenye mita moja ya mraba kwa kila digrii moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Ukuta mnene wa tofali tupu ni kama 2, dirisha la kioo kimoja 5 na nusu hivi, dari ya bodi isiyo na kitu juu yake kama 2 na nusu. Unazidisha kiwango hicho kwa mita za mraba za sehemu hiyo. Kwetu kuta zikatoa 280, madirisha 110, dari 240, sakafu kama 67, jumla karibu wati 700 kwa kila digrii.

Njia ya pili ndiyo watu wanaisahau, na kwenye jengo linalopitisha upepo ndiyo inayowamaliza. Hewa yenyewe inatoka na joto lako. Chukua ujazo wa chumba, zidisha kwa 0.33 (ndiyo wati-saa zinazopasha mita moja ya ujazo ya hewa kwa digrii moja), halafu zidisha kwa idadi ya mara ambazo hewa yote ya ndani inabadilika kwa saa moja. Jengo lililozibwa vizuri linaweza kuwa chini ya mara moja, letu nililikadiria mara 3, kwa hiyo 384 mara 0.33 mara 3 unapata wati 380 kwa digrii. Jumlisha na zile 700 inakuwa kama 1,080, na tofauti ya digrii 12 tunayoitaka inadai karibu kilowati 13. Sisi tulikuwa na 8!

Kama hesabu hiyo inakuchosha kuna njia nyingine ambayo mimi naiamini zaidi, pima kwa hita ulizonazo. Washa hita unayojua wati zake usiku kucha, watu wasiwemo, jua lisiwepo, alfajiri soma joto la ndani na la nje. Usisome mapema maana kuta nene zinachukua masaa mengi kupata joto. Tuliwasha mbili, wati 4,000, asubuhi ndani palizidi nje kwa digrii 4, yaani wati 1,000 kwa digrii. Haikuwa mbali na karatasi yangu, nikafurahi kweli.

Baada ya hapo nikachukua kijiti cha ubani nikawasha, nikapita nacho polepole pembeni mwa ukumbi. Kwenye mlango mkubwa moshi haukupanda kabisa, ulilala chini ukakimbilia ndani kama unavutwa na uzi. Kwenye kifuniko cha kupandia darini ukanyooka juu ukazama kwenye mwanya. Ukiona hivyo umeelewa jengo zima, hewa ya moto inapanda inatokea juu, na ikitoka inanyonya ya baridi kupitia chini, kwa hiyo ukiziba mlango ukaacha dari wazi umefanya nusu ya kazi. Tukaweka mpira chini ya milango, tukaziba kifuniko na matundu ya mabomba na kingo za madirisha. Tukapima tena kwa zile hita mbili, tofauti ikafika digrii 5, maana yake wati 800. Kazi ya siku mbili imetuondolea zaidi ya kilowati 2 kwenye mahitaji yetu, yaani hita nzima.

Lakini jamani msizibe kila kitu. Watu wakijaa wanahitaji hewa safi, na chumba kisichopumua kinaleta unyevu na ukungu ukutani. Na kama ndani kuna jiko la mkaa au kitu chochote kinachowaka moto matundu ya hewa ni lazima yabaki, kaboni monoksaidi haina harufu na inaua.

Pia msidanganyike na maneno ya kwenye maboksi. Hita ya umeme yenye mafuta ndani, ya feni, ya sahani, zote kilowati 1 ya umeme inatoa kilowati 1 ya joto, hakuna inayotoa zaidi. Tofauti iko kwenye namna joto linavyokufikia. Jengo likiwa refu na la upepo na mnakaa masaa mawili tu kwa wiki, ile ya mionzi inayomulika watu moja kwa moja inafaa zaidi kuliko kuhangaika kupasha hewa inayokimbilia juu. Na mtu aliyekaa anatoa kama wati 100 mwenyewe, watu 60 ni kilowati 6, ndiyo maana mkutano unaanza kwa kutetemeka unaisha watu wanajipepea.

Sasa tunachangishana kuweka sufi ya kuzuia joto juu ya dari. Sentimita 10 inashusha zile wati 240 za dari hadi kama 35, na nikizitoa hizo 205 kwenye wati 800 tulizopima, tutahitaji kama kilowati 7 na kidogo. Hita zetu nne zitatosha, kila moja kwenye soketi yake ya ukutani. Tukimaliza nitawasha zilezile mbili usiku kucha nisome tena themomita.

Msomaji wako,
Msimamizi wa ukumbi