Kaka, usinifiche tena

Kaka,

Naandika hapa kwa sababu nikikupigia unanisalimia tu, kisha simu unampa wifi.

Zeppelin, zile meli kubwa za angani zilizojazwa gesi, nilizijua kwako. Ulipokuwa ukibandika picha zile chumba cha uani, gundi nilikuwa nashika mimi, na urefu wa Hindenburg ukaniimbisha mpaka nikaukariri: mita 245. Ndiyo maana jibu lako la usiku ule wa matanga limenikaa kooni. Nilikuuliza kwa nini ulinificha kifo cha baba, ukasema hata kapteni Schiller alinyamaza.

Ni kweli alinyamaza. Tarehe 6 Mei 1937 Hindenburg iliteketea Lakehurst, Marekani, kwa muda usiotimia dakika moja. Katika watu 97 waliokuwemo walikufa 35, na mfanyakazi mmoja aliyekuwa chini. Graf Zeppelin, meli nyingine ya angani, ilikuwa ikirudi Ujerumani kutoka Brazili. Habari ikaingia kwa redio, na Hans von Schiller, kapteni wake, akawaficha abiria mpaka walipotua Friedrichshafen tarehe 8.

Lakini abiria wale walikuwa wananing'inia chini ya gesi ile ile ya haidrojeni iliyowaunguza wenzao. Wangejua, wangeteremkia wapi? Mimi nilikuwa Chalinze, basi limesimama, simu mkononi. Ukaniuliza kama nimekula. "Kula mdogo wangu, safari bado." Nikala chipsi, nikacheka na wewe, na baba ameshaoshwa! Nafika Tanga nakuta turubai, viti, na wanaume wanarudi kutoka mazikoni. Ungeniambia, ningekuomba mningoje hata kwa saa mbili. Ningeuona uso wake.

Umenilea, sikatai. Ada yangu ulilipa wewe wakati kila mtu amechoka, na dua zangu unazo mpaka leo.

Ila Schiller unamsimulia nusu. Ile ndiyo ikawa safari ya mwisho ya Graf Zeppelin kubeba abiria. Juni ikapelekwa Frankfurt kuwekwa maonyesho. Mzee Eckener, mkuu wa kampuni ya Zeppelin, akahangaikia heliamu, gesi isiyoshika moto, na Wamarekani waliokuwa nayo wakaizuia Hitler alipoimeza Austria mwaka 1938. Graf Zeppelin ya pili ikaruka na haidrojeni, bila abiria wa kulipa. Mwaka 1940 Göring, waziri wa anga wa Hitler, akaamuru zote mbili zivunjwe, metali yake ikaundiwe ndege za vita. Kunyamaza kwa Schiller hakukuzuia lolote katika hayo. Aliwapa abiria siku mbili za raha, basi. Wewe ulinipa saa chache, nami nikamkosa baba.

Arobaini sikuja, na najua mmesema nina kiburi. Ningekaaje kwenye jamvi nikisikiliza watu wanavyokusifu kwa busara yako? Yeyote angebaki kwake.

Sasa shangazi naye haamki kitandani. Ukiona hali imebadilika nipigie saa hiyo hiyo, hata niko barabarani. Kulia nitalia mbele ya konda na abiria wote, na nitafika.