Msimsahau aliyempiga picha Sia wa Kilimanjaro

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nikamilishe jambo lililoachwa nusu katika makala yenu kuhusu vitabu vya watoto ambavyo wageni waliviandika juu ya nchi yetu kabla ya uhuru. Mwandishi wenu alikitaja kitabu cha mwaka 1958 kinachomhusu Sia, msichana wa Kichagga, akakiita kitabu cha Astrid Lindgren, yule Mswidi aliyejulikana duniani kote kwa hadithi za Pippi, kisha akaendelea na mengine. Hakusema uongo, kwa kuwa maneno ya kitabu hicho ni ya Lindgren. Hata hivyo, mtu akikifungua ataona kwamba kitabu kizima kimebebwa na picha za kamera, nyeusi na nyeupe, na kwamba maneno yanazifuata picha hizo kama mtoto amfuatavyo mama yake sokoni. Aliyezipiga ni Anna Riwkin-Brick, na jina lake halimo popote katika makala yenu.

Mama huyu alizaliwa mwaka 1908 katika familia ya Kiyahudi huko Surazh, mji uliokuwa chini ya dola ya Urusi, akapelekwa Uswidi angali mtoto mdogo. Alitamani kuwa mcheza dansi wa jukwaani, na huenda angekuwa, lau si maumivu ya mguu yaliyomlazimu kuacha. Akajifunza kazi ya picha, na mwaka 1928, akiwa na umri wa miaka ishirini tu, akafungua studio yake mjini Stockholm. Huko aliwapiga picha wasanii na hasa wacheza dansi, yaani wale wale aliotaka kuwa mmoja wao. Mimi naamini kwamba hapo ndipo ulipo ufunguo wa kazi zake zote za baadaye, kwa sababu anayepiga picha za dansi hana budi kujua mwili wa mtu unaelekea wapi kabla haujafika, na mtoto naye ni hivyo hivyo, hatulii. Sisi tuliokulia mlimani miaka ile tunazikumbuka picha zetu za studio: tulisimamishwa mbele ya pazia, mikono imenyooshwa mapajani, macho yametutoka kwa hofu ya mashine. Watoto wa Riwkin hawako hivyo. Wanakimbia, wanabeba, wananong'onezana, na aghalabu hawaiangalii kamera kabisa.

Kitabu chake cha kwanza cha namna hii kilitoka mwaka 1951, nacho kilimhusu Elle Kari, msichana wa Wasami, wafugaji wa kulungu wa nchi za baridi (reindeer) huko kaskazini ya Uswidi; maneno yake yaliandikwa na Elly Jannes. Utaratibu ulikuwa mwepesi kuueleza lakini mgumu kuutenda. Riwkin alimchagua mtoto mmoja, akamfuata nyumbani, kazini na michezoni mpaka akazoeleka, kisha picha zikapangwa na hadithi ikatungwa juu yake. Kwa njia hiyo vilipatikana vitabu zaidi ya kumi, vingi vikiwa na maneno ya Lindgren: Noriko wa Japani mwaka 1956, Sia wetu mwaka 1958, Marko wa Yugoslavia mwaka 1962, Randi wa Norwei mwaka 1965, Matti wa Ufini mwaka 1968. Gennet wa Ethiopia naye alipata kitabu chake, ingawa maneno yake yaliandikwa na mtu mwingine. (Msomaji atanisamehe nikitaja kando kwamba Tanganyika ya Sia na Yugoslavia ya Marko zote mbili hazimo tena kwenye ramani.)

Sasa nauliza: katika kitabu ambacho picha zimetangulia na hadithi ikafuata, mwandishi ni nani? Lindgren alikuwa bingwa wa lugha, tena wakati huo ndiye aliyesimamia vitabu vya watoto katika shirika la uchapishaji la Rabén & Sjögren, kwa hiyo si ajabu jina lake likawa kubwa kuliko la mwenzake. Lakini aliyepanda mlima wetu na kamera yake, akakaa na watu wa vihambani enzi za Mangi Mkuu Thomas Marealle, mtawala wa Wachagga, ni Riwkin. Kama angekuwa mchoraji, angeweza kubaki Stockholm na kuchora migomba kwa kubuni. Picha ya kamera haikubali hivyo. Ni lazima mtu awepo, na mtoto naye awepo.

Hilo la mtoto kuwepo ndilo linalonitia wasiwasi kidogo, na sitaki barua yangu isomeke kama sifa tupu. Hadithi ya Sia imetungwa, lakini uso ni wa mtoto halisi, na msomaji wa ng'ambo hakuwa na namna ya kujua wapi maisha yake yanaishia na wapi utunzi unaanzia. Tena aliyeona ni mgeni, na aliyetia maneno ni mgeni, na kitabu kiliandikwa kwanza kwa ajili ya watoto wa Uswidi. Pamoja na hayo, nikilinganisha na picha nyingi za wakati ule zilizotuonyesha kama mapambo ya mandhari nyuma ya simba na theluji ya Kibo, naona Riwkin alituheshimu: Sia ana nyumba, ana ndugu, ana shauku yake mwenyewe, na mlima uko nyuma yake.

Riwkin alifariki mwaka 1970 nchini Israeli. Kwa kuwa gazeti lenu linasomwa sana huku Kilimanjaro, naomba mchapishe masahihisho yenye jina lake kamili. Naomba pia wazee wa Uchaggani wanaomkumbuka mama Mzungu aliyekuwa akiwafuata watoto na kamera mwishoni mwa miaka ya hamsini wawaandikie ninyi, maadamu wangali wapo wa kuulizwa.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu,
Marangu