Picha za msitu wa Rungwe ziwafikie wanavijiji

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa utunzaji wa msitu wa Mlima Rungwe. Kima aitwaye kipunji alitambulishwa kwa wanasayansi mwaka 2005 kwa ushahidi wa picha, bila kuuawa hata mmoja kwa kazi hiyo. Kamera ina nguvu kiasi hicho! Inasikitisha kwamba picha hizo, zenye kile kishungi kilichosimama kichwani, huonwa zaidi na watafiti na watalii, ilhali mkulima wa kando ya msitu humjua kipunji kama mwizi wa mahindi tu.

Halmashauri na wahifadhi wabandike picha kubwa kwenye ofisi za vijiji na shuleni. Vijana wenye simu nao wafundishwe kupiga picha za vyanzo vya maji vinavyolimwa hadi ukingoni, kisha zijadiliwe kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya mwenyekiti.

Msomaji wako,
Tukuyu, Mbeya