Usigandishe ngazi za mbele kabla ya kupima kona

Vichwa vingi vya treni za mfano za mvuke za Kiingereza, za skeli ya 1:76 (yaani ndogo mara 76 kuliko treni halisi), huletwa mezani kwetu vikidaiwa ni vibovu kumbe ni vizima. Mota inazunguka, gia ni safi. Tatizo ni kile kifuko cha plastiki kilichokuja ndani ya boksi: ngazi za mbele, mabomba ya breki, vibomba vya kutolea maji chini ya silinda. Mwenyewe kavigandisha vyote, kichwa kimependeza kweli, na kila kikifika konani kinaacha reli.

Kiwanda hakikusahau kuvifunga. Kona ya reli za Hornby, kampuni ya treni za mfano, yenye nusu kipenyo cha milimita 438, ukiikuza mara 76, ni mita 33 tu. Kichwa halisi cha treni ya kasi hakipiti hapo. Ili chako kipite, bogi ya mbele (kigari kidogo cha magurudumu chini ya pua ya kichwa) lazima itoke sana pembeni, na gurudumu lake hugonga ngazi au vibomba, likainuka.

Kwa hiyo shikiza kila kipande kwanza kwa tone la gundi nyeupe ya mbao. Ikikauka, zima umeme, sukuma kichwa kwa mkono kwenye kona yako kali kuliko zote, mbele na nyuma, kulia na kushoto. Kinachogongwa kitabanduka chenyewe. Vilivyobaki ndivyo vya kutia supagluu, kidogo sana: mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye vioo vya kibanda cha dereva. Mnyororo wa kuunganishia mabehewa uweke mbele tu, kwa sura. Nyuma bakiza kulabu ya kawaida, la sivyo bafa (vile vikinga mgongano vya mwishoni) zitanasana konani.

Kama bado kinaanguka, hasa kwenye swichi za reli (pale njia inapogawanyika), pima nafasi kati ya migongo ya magurudumu kwa venia (kipimio chenye taya): milimita 14.5, sehemu tatu za mzunguko. Vipimo vikitofautiana, gurudumu limekaa upande. La bogi unaweza kulivuta huku ukilizungusha. Magurudumu ya kuendeshea usiyaguse. Yakihama pembe, fito zinazoyaunganisha zitakwama.

Rangi ya kuchakaza, ya kukifanya kichwa kionekane kimetumika, isifike sehemu ya gurudumu inayokanyaga reli, maana inazuia umeme. Na mwendo: kilomita 100 kwa saa za treni halisi, kwa skeli hii, ni mita 1 kwa sekunde 2.7 hivi. Wengi huendesha mara mbili ya hapo.

Ukituletea kichwa tukifunge vipande, andika kwenye boksi nusu kipenyo cha kona yako kali kuliko zote.