Safari ya Istanbul mwezi wa Aprili: tuanze na viatu, koti lifuate

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu makala iliyotoka hivi karibuni katika ukurasa wa safari, ambayo iliwashauri wasomaji wanaokwenda kutembelea miji ya Ulaya na Uturuki katika majira ya machipuko wabebe koti zito, buti na nguo mpya ya kubadilisha kila jioni. Mimi ni fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga, na mwezi wa Aprili mwaka juzi niliufuata ushauri wa namna hiyo bila kupunguza hata kimoja. Nilimsindikiza mdogo wangu, ambaye ana duka la nguo na huenda Istanbul mara kwa mara kufungasha mzigo katika mitaa ya Laleli, kama wafanyavyo wafanyabiashara wengi wa Kariakoo. Aliponiona uwanja wa ndege nikikokota sanduku aliniuliza, "Dada, hilo koti unampelekea nani?" Nilimwona mjuaji. Katika siku tano nililivaa koti lile asubuhi moja tu, na siku nne zilizobaki lilikaa juu ya kiti cha hoteli kama mgeni wa tatu.

Kosa la makala ile, kwa maoni yangu, linaanzia kwenye hali ya hewa yenyewe. Sisi watu wa pwani tumezoea majira yanayokaa: kaskazi ikiingia imeingia, masika yakishika yameshika, na mtu akiamka akaona kipupwe hana sababu ya kuhofia kwamba adhuhuri itamgeukia. Aprili ya Istanbul haina tabia hiyo. Joto la mchana huwa nyuzi 16 hivi na usiku hushuka hadi 8 au 9, baridi ambayo mtu wa Makete angeicheka, lakini ndani ya siku moja utapata jua la kukutoa jasho ukipanda mlima, manyunyu ya nusu saa, kisha upepo wa baharini unaopenya kwenye kila tundu la kifungo. Upepo wao wa kaskazini-mashariki, wanaouita poyraz, hutoka upande wa Bahari Nyeusi na ni wa baridi, kwa hiyo Mswahili anayesikia kwamba leo unavuma upepo wa kaskazi asidhani ameletewa joto la nyumbani. Ule wa kusini, lodos, ndio wenye uvuguvugu. Panda kivuko cha kutoka Eminönü kwenda Kadıköy, safari ya dakika ishirini hivi, ukae nje kama wakaavyo wenyeji na glasi zao za chai, na utazijua pepo hizo mbili kabla hujafika ng'ambo.

Kwa siku ya namna hiyo koti zito halisaidii, kwa sababu lina hali mbili tu, kulivaa na kulibeba. Kinachosaidia ni nguo nyepesi mbili au tatu zinazovaliwa moja juu ya nyingine, zikiacha hewa kidogo katikati, maana hewa hiyo iliyonaswa ndiyo inayohifadhi joto la mwili. Chini fulana ya pamba au ya sufu laini, katikati sweta jembamba la sufu lenye vifungo mbele ili livuliwe bila kuvuruga ushungi, na juu koti jepesi lisilopitisha mvua, refu kufika mapajani. Mvua ikikoma na jua likitoka, vyote viwili vya juu vinaingia kwenye mkoba wa begani. Naisifia sufu kwa sababu hata ikipata unyevu bado huhifadhi joto, ilhali pamba ikilowa hukaa na maji na kukuganda mwilini. Suruali ya jinzi ni ya pamba na nzito pia, na ikilowa jioni usitarajie kuikuta imekauka asubuhi.

Wasomaji watauliza sufu nzuri itapatikana wapi Tanga au Dar es Salaam. Jibu ni kwenye mitumba, na hapa joto letu linatusaidia. Robota la sweta likifunguliwa pwani, wateja hulipita wakikimbilia magauni, na muuzaji hufurahi kumpata mtu wa kuliondoa. Nimenunua sweta la sufu safi kwa bei ya chini kuliko kandambili. Asiyeweza kuisoma lebo ya ndani ya kola achomoe uzi mmoja kwenye mshono wa ndani na kuuchoma kwa kiberiti: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na majivu yake huvunjika vidoleni, poliesta huyeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi. Muuzaji akikukatalia usichome, nawe kataa kununua.

Hata hivyo, nguo zote hizo si kitu mbele ya viatu, na hapo ndipo makala ile iliponiudhi zaidi, kwa kuwa iliviweka mwisho kabisa katika sentensi moja, baada ya mikufu na miwani. Istanbul ni mji wa vilima. Kutoka daraja la Galata hadi mnara wa Galata, uliojengwa mwaka 1348, ni kupanda tu, katika vijia vya mawe yaliyopangwa ambayo miguu ya watu imeyalainisha hadi yakawa kama sabuni mvua inaponyesha. Mimi nilibeba buti mpya za ngozi na viatu vya mchuchumio vya jioni. Buti zilinichubua visigino siku ya kwanza, kabla hata sijauona mnara, na ile mchuchumio niliivaa hatua zisizozidi mia moja, kutoka mlangoni mwa hoteli hadi kwenye mgahawa, nikiwa nimemshika mdogo wangu mkono kama bibi harusi. Siku ya pili nilinunua raba nyeupe za ngozi zisizo na madoido, na ndizo nilizotembelea hadi tuliporudi, tukikadiria zaidi ya kilomita kumi kwa siku.

Kutokana na maumivu yale nimejifunza mambo ambayo ningetamani kuyasoma katika gazeti lako mapema. Kiatu cha safari kinunuliwe alasiri, wakati mguu umeshavimba kidogo kwa kutwa nzima, na kijaribiwe kwa soksi zile zile zitakazovaliwa huko, maana wengi wetu hujaribu viatu kwa mguu mtupu. Kivaliwe sokoni, msikitini au kanisani na kazini kwa wiki mbili kabla ya safari, ili kama kinachubua kichubue hapa, karibu na kandambili zetu. Soli iwe ya mpira wenye mikato, kwa ajili ya yale mawe. Ziwepo jozi mbili, zivaliwe kwa zamu, kwa kuwa kiatu kilicholowa kinahitaji siku nzima kukauka. Na hata gazeti lako, Mhariri, likishasomwa, linafaa kukunjwa na kujazwa ndani ya kiatu cha namna hiyo linyonye maji usiku kucha. Jozi mojawapo iwe ya kuchomeka mguu bila kufunga kamba. Atakayeingia Süleymaniye, msikiti uliokamilika mwaka 1557, kisha Sultan Ahmed, kisha, kama anaswali, Hagia Sophia, ambayo tangu mwaka 2020 ni msikiti tena, atavua na kuvaa viatu mara nyingi, huku watu wakimsubiri nyuma yake. Soksi nazo ziangaliwe. Zulia lile ni zuri mno kulikanyaga na dole gumba linalochungulia.

Kuhusu kichwa na mabega, wanawake wa pwani tumeshajaliwa na hatuna cha kununua. Mgeni wa kike hutakiwa kujifunika nywele aingiapo misikitini humo, na nimewaona wageni wa mataifa mengine wakihangaika na vitambaa vya poliesta vinavyoteleza kila wanapoinua shingo kutazama kuba. Mtandio wa pamba hukaa. Kanga moja, ambayo upana wake ni mita moja na kidogo na urefu mita moja na nusu, ilinifaa kuliko chochote nilichobeba: ndani ya ndege ilikuwa shuka, kwenye kivuko ilikuwa kinga ya shingo, msikitini ushungi, na katika bustani ya Emirgan, ambako mwezi wa Aprili maua ya tulipu huchanua kwa wingi wa ajabu, tuliitandika na kula simit, ile mikate yao ya duara yenye ufuta. Walitokea wanawake watatu wakaniuliza nimeinunua wapi. Lile koti halikuulizwa na mtu.

Nafika sasa kwenye suala la kupendeza, maana sitaki nieleweke kwamba nawahimiza watu waende mji wa watu wamevaa kama wanakwenda kupalilia. Mtu anapendeza kwa nguo iliyomkaa, awe na nguo tatu au kumi na tatu. Ninachowaambia wateja wangu wanaosafiri ni kuchagua rangi mbili za kimya, kwa mfano buluu iliyokoza na kahawia ya mchanga, ambazo kila kipande kitavalika na kingine, kisha waongeze kitu kimoja cha kuvuta macho. Kwangu mimi kitu hicho ni koti fupi la kitenge lenye bitana, kwa sababu kitenge peke yake ni pamba nyembamba na upepo hupita, lakini kikishonewa bitana huwa kinga ya kweli na jioni kinatosha kuingia nacho katika mgahawa wowote juu ya suruali nyeusi. Kwa suruali hiyo mimi huweka lastiki nyuma tu ya kiuno na kuacha mbele bapa, ili mvaaji akae saa saba ndani ya ndege bila kubanwa, naye akisimama aonekane mtu wa ofisini. Upindo uishie juu kidogo ya kifundo cha mguu, kwani suruali inayoburuza itafagia maji yote ya barabara ya İstiklal. Na kabla ya kuondoka, mpelekee fundi wako koti la mvua akutilie mfuko wa ndani wenye zipu, kwa ajili ya pasipoti na fedha. Ni kazi ya nusu saa, na katika tramu iliyojaa inakupa amani kubwa.

Wanaume nisiwasahau, ingawa kwao maneno ni machache. Suruali mbili za kadeti, mashati mawili, sweta moja na lile koti jepesi vinatosha, pamoja na kanzu moja kwa atakayeswali Ijumaa. Shati la kitani ni zuri kwa jua la mchana, ila hukunjamana likitazamwa tu, kwa hiyo asiyependa kupiga pasi hotelini aliache Tanga.

Liko pia jambo la uzito. Mzigo wa kuingia nao ndani ya ndege huwa na kikomo, katika mashirika mengi kati ya kilo 7 na 10, na koti kama lile langu peke yake huchukua kama kilo mbili. Yeyote anayekwenda Istanbul na sanduku lililojaa amesahau anakwenda wapi: nguo za Uturuki ndizo tunazozigombania madukani kwetu, na ukizikuta kwa bei ya kwao utataka nafasi. Atakayekusudia kununua akumbuke kwamba Soko Kuu lililofunikwa, Kapalıçarşı, hufungwa Jumapili. Saa ya mkononi haina haja ya kurekebishwa, kwani tangu mwaka 2016 Uturuki haibadilishi tena saa zake na mwaka mzima ni saa ile ile ya Afrika Mashariki. Hiyo ndiyo sehemu ya matayarisho ambayo haikunigharimu kitu.

Lile koti nimelifumua. Bitana yake imekuwa bitana ya makoti mawili ya kitenge, na manyoya ya kola mteja mmoja wa Lushoto ameyachukua. Namwomba mwandishi wa ukurasa wa safari, atakaporudi kwenye mada hii kabla ya Aprili nyingine, aanze na viatu, aandike na uzito wa kila nguo anayoisifia, na amuulize angalau fundi mmoja.

Wako,
Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga